Waridi la Eda

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Saumu alitoka na mkasi wa kushonea kwenda kuyakata mawaridi ya marehemu mdogo wake. Alianza na mekundu ya langoni, yale yanayonukia mpaka barabarani, akaja kwenye meupe madogo yanayochanua kwa vishada, akamalizia na ya pinki yaliyopanda kwenye uzio. Yote aliyatia kwenye ndoo, akampelekea ng'ombe zizini. Ng'ombe naye, mnyama asiye na haya, akayatafuna.

"Mjane hanusi manukato," alisema Saumu. "Eda ni eda."

Sasa jamani, manukato anayokatazwa mjane ni yale ya kujitia mwilini. Hakuna shehe Lushoto nzima aliyewahi kusema kwamba waridi lililoko kwenye mti wake linaharibu eda ya mtu. Lakini nani angemwambia Saumu? Yeye ndiye wifi mkubwa, ndiye aliyefunga safari kutoka Bulwa kwenye mashamba ya chai kuja kukaa na Husna, mke wa mdogo wake, ile miezi minne na siku kumi. Sheria nyingine alikuja nazo mwenyewe kwenye kikapu. Dirisha la chumbani lifungwe. Kioo kigeuzwe ukutani. Redio isiguswe.

Husna hakubishana. Alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Miaka miwili alimuuguza mumewe, Idrisa: kumgeuza, kumwogesha, kumpikia uji akaukataa, kukaa macho akimsikiliza anavyopumua. Watu walikuja, wakasema pole, wakaenda zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku Idrisa alipozikwa Husna alijiona mtu mbaya kabisa, maana kabla hata chozi halijamtoka, mwili wake ulikuwa unataka kulala tu. Mpaka leo ulikuwa bado unataka kulala, na kujibizana na wifi kulihitaji nguvu asizokuwa nazo.

Tena kulikuwa na jambo ambalo lingemchekesha kama angekuwa na nguvu za kucheka. Mwaridi ukiukata maua ndiyo kwanza unachipua. Idrisa alimwambia hivyo kila mwaka: kata, usiuonee huruma. Saumu, mtu wa chai, hakulijua hilo, na kadiri alivyokata ndivyo mawaridi yalivyozidi. Asubuhi moja alisimama katikati ya bustani, ndoo imejaa mpaka juu, akapiga kelele, "Mungu wangu! Haya maua yana shetani?"

Kitu kimoja tu kilimfanya Husna ainuke kitandani na kuchungulia kwenye pazia. Kilikuwa mwaridi mdogo chini ya dirisha lake. Idrisa alikuwa fundi wa kubebesha miti, kuupachika mti mmoja kwenye shina la mwingine, na plamu na peasi za nusu ya majirani zilipita mikononi mwake. Mwaka jana, akiwa hawezi tena kusimama sawasawa, aliagiza kijiti kutoka kwa Klara, rafiki yao wa Gare, ambaye bustani yake ina mawaridi ya kila namna. Alikaa kwenye kigoda, mikono ikimtetemeka, akabandua jicho la kile kijiti na kulipachika kwenye shina la mwaridi mwitu, kisha akalifunga kwa utepe wa nailoni.

"La rangi gani?" Husna alimuuliza.

"Utaliona likichanua."

Jicho lilishika, likatoa tawi. Idrisa hakuwahi kuona ua. Klara alijua, lakini Husna hakutaka kumuuliza. Hilo lilikuwa neno la mwisho ambalo Idrisa alikuwa hajamaliza kumwambia, naye alitaka alipate kwake mwenyewe. Na sasa, kwenye baridi hii ya Julai, tawi lilikuwa na tumba moja, kijani tupu.

Siku alipomwona Saumu analitazama, alijikaza akasema.

"Wifi, nakuomba. Hilo la dirishani usilikate."

"Lina nini hilo?"

"Nataka kujua rangi yake tu."

"Rangi! Mwanamume hajatimiza hata miezi mitatu kaburini, wewe unauliza rangi ya maua? Watu watasemaje?"

"Alilibebesha Idrisa, wifi, akiwa anaumwa. Sijui aliniwekea nini."

Saumu akahamia Kishambaa, kama kawaida yake akitaka kugomba, akasema sheria haina la dirishani wala la langoni. Akatoka.

Ukungu ukakaa siku kadhaa, mzito, hata zizi lisionekane. Husna alichungulia na kuchungulia. Tumba lilikuwa limeanza kupasuka, ila rangi hakuweza kuitambua. Asubuhi ukungu ulipopanda, alifungua dirisha bila kujali sheria ya nani. Tawi lilikuwa limebaki kikonyo. Limekatwa.

Akakaa sakafuni. Huko zizini alimsikia ng'ombe akitafuna. Husna akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, kwa sauti, mdomo wazi. "Nimechoka, Idrisa," alisema. "Nimechoka mie."

Mlango ukafunguliwa. Saumu aliingia na kikombe cha bati.

"Hebu nyamaza kwanza."

Ndani ya kikombe kulikuwa na waridi moja, rangi ya pichesi iliyoiva. Husna alilijua palepale. Miaka mingi nyuma, kwenye harusi ya binti wa Klara, alitumbukiza pua kwenye ua kama hilo akasahau kuondoka, mpaka Idrisa akamtania, "Mama, waachie na nyuki nao." Hakulitaja tena tangu siku ile. Kumbe mwenzake hakusahau.

"Nimelinusa jana jioni," Saumu alisema, macho yake ukutani. "Nikalinusa tena baada ya swala ya alfajiri. Halina harufu hata chembe. Sasa kitu kisicho na harufu si manukato, na hakiharibu eda ya mtu. Kaa nalo."

Macho yake yalikuwa yamevimba. Kwenye ncha ya pua alikuwa na unga wa njano wa ua, na hakujua. Tangu msiba uanze hakuna aliyemwona Saumu akimlilia mdogo wake. Alikuwa akikata maua tu.

Husna aliliinua waridi, akavuta pumzi. Lilinukia hasa, harufu ileile ya Gare, ikamshuka mpaka kifuani. Akasogea, akampa wifi yake nafasi ya kukaa kitandani.

"Kweli, wifi," alisema. "Halinukii kabisa. Hebu linuse tena na wewe."