Mtu wa Pili

Anneth ndiye aliyesema pikipiki isimamishwe. Hilo hakuja kumwambia mtu yeyote baadaye, lakini alilijua, na kulijua kulimzidishia hasira.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita, katika baridi ile ya Njombe inayofanya vidole viume kama vimebanwa mlangoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya lami, na mipaini ya kando ya barabara ilionekana mashina tu, bila vilele. Anneth alikuwa amechuchumaa nyuma ya majani marefu, kichwa cha mama mkwe wake kikiwa mapajani mwake. Mama Bertila alikuwa na siku ya tatu akibanwa kifua, na alfajiri ile pumzi zake zilianza kutoka kwa kukatikakatika. Lameki, mume wa Anneth, alimpigia simu kila mwenye pikipiki pale kijijini, hakuna aliyepokea. Wakamviringisha mgonjwa kwenye blanketi, wakambeba mwendo wa saa nzima mpaka barabara kuu ya kwenda Makambako. Njiani Lameki aliona mkewe anatetemeka, akavua koti lake refu jeusi akamvika, na kofia yake ya sufu akamvalisha, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

Malori mawili yalipita. Basi nalo likapita, likawarushia upepo na moshi. Kisha wakasikia pikipiki ikija kutoka upande wa Njombe.

"Hiyo usiiache," Anneth alimwambia mumewe. "Simama katikati ya barabara. Ikitaka kupita, ipite juu yako."

Lameki alikuwa mtu mpole, asiyezoea kumzuia mtu njiani. Lakini alikwenda. Alisimama katikati ya lami, mikono yote miwili juu, viganja wazi. Pikipiki ilipunguza mwendo.

"Msaada, kaka!" Lameki alisema. "Msaada, tafadhali!"

Anneth akakilaza kichwa cha mgonjwa taratibu juu ya kanga, akainuka, akatoka majanini kwenda kusaidia kuongea. Dereva akageuka akamwona. Alichokiona Anneth ni mkono wa kushoto wa yule mtu ukishuka ubavuni mwa tenki na kupanda na kitu kirefu. Ilikuwa nyengo, ule mundu wa mpini mrefu ambao kila nyumba ya huku inao kwa kufyekea. Lameki alikinga uso kwa mkono wa kulia. Nyengo ikashuka. Dereva akavuta mafuta, na ukungu ukammeza.

Lameki alikuwa anautazama mkono wake kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza, na damu ilikuwa inadondoka kwenye viatu.

Lori la mbao ndilo lililosimama mwishowe. Dereva wake hakuuliza maneno mengi, aliwapakia wote watatu. Hospitalini mama Bertila aliwekewa hewa, na muuguzi akaufunga mkono wa Lameki bandeji nene. Akamwambia damu imezuilika kwa sasa, lakini jeraha kama hilo linataka PF3; wakimbilie polisi wachukue fomu, warudi daktari ashone.

Wakaenda kwa miguu. Afande wa kaunta aliutazama mkono, akauliza umekatwa wapi.

"Barabara ya Njombe, kwenye mipaini," Lameki alijibu.

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

Afande akaacha kuandika. Akarudisha kurasa za kitabu kikubwa nyuma, akasoma kimoyomoyo, kisha akaita mwenzake aje asimame mlangoni.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi, afande?"

"Mlikuwa wawili. Mwendesha pikipiki amefika hapa asubuhi, ameandikisha kuwa amevamiwa na wanaume wawili, na kwamba yeye amemkata mmoja wao mkononi. Sasa mkono si huu?"

Anneth alidhani amesikia vibaya. Alieleza habari za mgonjwa, blanketi, lori la mbao. Alieleza mara mbili, ya pili kwa sauti iliyofanya watu wa kwenye benchi wageuke.

"Mama, punguza sauti. Huyu ni mumeo, lazima umtetee," afande alisema. "Alois tunamjua. Yuko stendi hapo miaka yote, si mtu wa kusingizia. Mumeo atashonwa chini ya ulinzi, halafu atarudi hapa mpaka tujiridhishe."

Ikawa hivyo. Lameki alipelekwa hospitali na askari, akashonwa, akarudishwa mahabusu mkono ukiwa umening'inia shingoni. Anneth alisimama nje ya kituo. Aliyekata yuko mtaani, aliyekatwa yuko ndani! Alitamani kuokota jiwe, ila hakujua amrushie nani. Kisha akakumbuka kwamba afande, katika kumsifu mtu wake, alikuwa amemtajia jina.

Stendi ya bodaboda haikuwa mbali. Alikuta pikipiki zimepangwa, na madereva wamezunguka benchi moja wakimsikiliza mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya chini, kofia ngumu ikiwa magotini. Juu ya sikio lake nywele hazikuota. Palikuwa na kovu pana lililong'aa.

"Wa kwanza alijifanya anaomba msaada," yule mtu alikuwa anasema. "Mimi macho yangu yako majanini. Nikajua tu kuna mwingine. Mara huyo akachomoza! Jitu refu, koti jeusi mpaka magotini, kofia imeshuka machoni. Huyo ndiye aliyekuwa na panga."

"Uliliona?" mmoja akauliza.

"Lilikuwa ndani ya koti."

"Safi sana, mzee Alois! Ungemshusha shingo kabisa!"

Anneth akapenya katikati yao. Koti lilikuwa bado mwilini mwake, damu ya mumewe imekaukia kwenye mkono wa koti. Akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi, kama ilivyokuwa asubuhi.

"Nitazame," alisema.

Alois alimtazama. Kofia ngumu ikamtoka magotini, ikabiringika chini, na hakuna aliyeiokota.

"Jitu refu ni mimi. Panga liko wapi?" Akafungua vifungo kimoja kimoja, akaliachanua koti lote mbele ya wanaume wale. Ndani kulikuwa na gauni la kitenge na sweta lililotoboka kiwiko. "Lioneshe, baba! Waoneshe na wenzako hawa wanaokusifu. Uliyemkata ni mume wangu. Nyuma yangu majanini alilala mama yake, hana pumzi. Sasa hivi mama yuko kwenye hewa ya mashine na mwanawe yuko mahabusu, kwa sababu wewe uliona panga!"

Kijana mmoja mwenye koti la mvua akajikohoza. "Lakini na nyinyi, mama, kusimama katikati ya barabara mahali kama pale, kwenye ukungu..."

"Tusimame wapi?" Anneth alimgeukia kwa nguvu, yule kijana akarudi nyuma hatua moja. "Mtu anakufa, nimtafutie mahali pa kusimama panapokupendeza wewe? Sema, tusimame wapi?"

Kijana akajitoa kwenye duara.

Anneth akamrudia Alois. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu. "Mume wangu alikuambia nini?"

"Alisema, msaada, kaka."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia." Alois aligusa kovu lake. "Hata wale wa mwaka jana walisema hivyo hivyo, mama. Mahali pale pale. Mmoja amelala barabarani ameshika mguu, ananiita, msaada, kaka. Nikasimama. Nikashuka kabisa nimwinue. Wakanipiga na chuma hapa, wakachukua pikipiki. Miezi mitatu sikujua jina la mke wangu. Tangu siku hiyo natembea na nyengo."

Aliyasema hayo bila kujitetea, kama mtu anayesoma cheti chake cha hospitali, na Anneth akaona kwamba ni kweli. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikuwa amekuja kwa mwongo, akakuta mtu aliyepigwa.

"Waliokupiga walikamatwa?"

"Hawajakamatwa mpaka leo."

"Basi ukaja kumkata wa kwangu," Anneth alisema. "Mimi nifanyeje na kidonda chako? Nikibebe wapi? Nina cha kwangu. Inuka twende polisi ukaseme ulichokiona, si ulichokidhania."

Wenzake wakaanza kumshika mabega. Mzee usiende. Ukibadili maelezo utajifunga mwenyewe. Waache wajitetee huko. Alois aliitoa mikono yao mmoja mmoja. Akaichomoa nyengo ubavuni mwa tenki, akaiviringisha kwenye gazeti, akawasha pikipiki, akamwonesha Anneth kiti cha nyuma.

"Juu ya hiyo sipandi."

Alois akaizima. Akaikokota mpaka kituoni, Anneth akitembea upande wa pili wa barabara.

Afande alikunja uso kuona maelezo ya asubuhi yanafutwa jioni ya siku hiyo hiyo. Aliuliza maswali yale yale kwa njia tatu, na Alois akajibu mara tatu: hakuona silaha, alimwona mtu ameinua mikono mitupu, akamkata. Jua lilipokuwa linazama, Lameki alitoka mlango mmoja na Alois akaingia kwa mlango ule ule. Walipopishana, Lameki alimwambia "pole, baba." Anneth alisikia, akauma meno.

Mama Bertila alipona. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, amekonda lakini anapumua. Mkono wa Lameki nao ulifunga, ila vidole viwili vya mwisho vilikataa kukunja. Jembe alilishika kama mtu anayeshika sufuria ya moto.

Alois alitoka kwa dhamana, na kesi ikawa inapigwa tarehe. Mwezi wa nane alikuja na mzee wa kanisa, Elieza, kuomba yaishe kabla ya hukumu. Walikaa sebuleni. Anneth aliwawekea chai, kwa sababu mama mkwe alimwambia aweke. Alois aliomba radhi kwa maneno machache, kichwa chini, na Lameki, kabla hata mzee Elieza hajaanza kusoma Neno, alisema amekwisha kumsamehe siku nyingi.

"Mkono ni wake, asamehe," Anneth alisema akiwa mlangoni. "Lakini na mimi nina swali."

"Uliza, mama," Alois alisema.

"Nyengo unayo?"

Mzee Elieza alimtazama Alois kama anayemwomba aseme hapana.

"Ile iko polisi," Alois alijibu. "Nimepata nyingine. Siwezi kupita pale mikono mitupu. Nimejaribu, mama. Mwili unakataa."

"Sawa. Basi niambie. Siku nyingine nikisimama pale na mgonjwa, kwenye ukungu, nifanyeje ili usinikate?"

Alois alifikiri kweli kweli. Alifikiri mpaka mzee Elieza akaanza kujigeuzageuza kwenye kiti. Lameki naye alikuwa anangoja jibu.

"Sijui, mama," alisema hatimaye. "Sijui kabisa."

Anneth akaenda mezani. Akakitwaa kikombe kilichokuwa mbele ya Alois, bado kinatoa mvuke, akatoka nacho nje na kumwaga chai yote kwenye majani, huku Lameki akimwita jina lake nyuma kwa sauti ya aibu, mara ya kwanza, mara ya pili.