Kipande cha Namba Sabini na Moja

Mwanamke yule hakuwa na nguo mkononi, na hilo ndilo lililomfanya baba amtazame mara mbili. Mtu haingii kwa dobi mikono mitupu. Huja na furushi la nguo chafu, au huja na kipande cha namba cha kuchukulia zilizo safi. Yeye alikuwa na mkoba mweusi mpya na viatu vilivyolika visigino, na badala ya kueleza shida yake alisimama mlangoni akiusoma uso wangu kama anayeulinganisha na picha.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Namtafuta binti aliyesomea kazi za maabara kwenye chuo kile kilichofungwa."

"Marahaba." Baba hakuiweka pasi chini. "Na anayemtafuta ni nani?"

Nilikuwa nyuma ya kaunta nikibana namba kwenye kola za mashati. Niliendelea kubana. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu asubuhi ile tulipokuta mnyororo kwenye geti la chuo na karatasi iliyosema masomo yamesitishwa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Vyuo vingine nilivyokwenda viliniambia neno moja: anza upya, mwaka wa kwanza. Kuanza upya hatukuweza, kwa hiyo nikarudi kwenye wanga na pasi, na mtaani nikapewa jina la Nusu Daktari. Hata hesabu yao haikuwa sawa, kwa sababu nilishamaliza miaka miwili kati ya mitatu, na maabara si udaktari.

Mgeni alieleza haraka haraka, kama mtu aliyezoea kufukuzwa kabla hajamaliza. Anafanya kazi kwenye ofisi ndogo inayowasaidia waliokwama kurudi chuoni. Kuna chuo kimekubali kuwapokea wanafunzi wa chuo kilichofungwa moja kwa moja mwaka wa tatu, mradi matokeo yao yathibitishwe na ofisi ya kumbukumbu iliyo mji mwingine. Mwisho wa kupokea maombi ni Jumatatu ijayo. Alikuta jina langu kwenye orodha, namba ya simu haipatikani, ndipo akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba.

"Nahitaji matokeo yako ya mihula minne na mihtasari ya masomo yenye sahihi za walimu," aliniambia. "Karatasi halisi. Nakala hawazipokei."

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimegusana na chetu na masikio yake yako kwetu siku nzima, alicheka akiwa na sindano mdomoni. "Dobi, muulize kama anachukua na mashuka."

Baba hakucheka. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja mwenye tai, naye alisema atanihamishia chuo kingine. Akaondoka na cheti changu cha sekondari, asionekane tena. Kupata kingine kulinichukua miezi kumi na mmoja. Kilichomuuma baba zaidi hakukisema kwa mtu, lakini mimi nakijua. Tai ile, siku ile, aliinyoosha yeye mwenyewe bure kama heshima.

"Kwa nini asizipeleke mwenyewe?" baba aliuliza.

"Hawapokei mtu mmoja mmoja, mzee. Wanapokea faili zote kwa pamoja kutoka ofisini kwetu. Nasafiri kesho alfajiri."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi nilihama vyuo viwili kabla sijamaliza. Najua mtu anavyokwama."

"Jibu zuri," alisema baba. "Hata yule wa tai alikuwa na majibu mazuri."

Simu ya mgeni iliita ndani ya mkoba. Aliitoa, akaitazama, akaizima bila kupokea. Fundi viatu alinikonyeza.

Hapa lazima nieleze namna baba anavyofanya kazi. Huchukua kipande cha kitambaa cheupe, akaandika namba mara mbili kwa wino usiotoka hata uchemshwe, kisha akakikata katikati kwa mkasi, huku mkono wake ukiyumba kwa makusudi, ili meno ya kila kipande yasifanane na ya kingine. Nusu hubanwa kwenye nguo, nusu huenda na mwenye nguo. Bila nusu hiyo, nguo haitoki. Aliwahi kumnyima mdogo wake suti ya harusi, siku ya harusi yenyewe, mpaka baba mdogo akarudi nyumbani akiwa na kaptula kukitafuta kipande. Bi harusi alisubiri. Lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuna soksi iliyopotea kwa baba.

"Hapa kwangu," alimwambia mgeni, "anayeacha kitu haondoki bila kitu. Leo unayechukua ni wewe. Utatuachia nini?"

Alitoa kitambulisho cha kazi. Baba hakukigusa. "Hicho kinachapishwa popote."

Mwanamke alikirudisha mfukoni. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha ngumu, na ndani yake shahada yake ya chuo kikuu. Baba alifuta vidole kwenye aproni, akaupapasa muhuri wa kukandamizwa kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima moto wa pasi. Akaandika sabini na moja mara mbili na kukata.

"Nitampa mwenye kipande tu," alisema. "Sitampa mume, wala kaka, wala askari. Ni wewe, na kipande mkononi."

"Na mimi nitarudi Ijumaa," alijibu, "kabla hujazima pasi."

Nilikwenda chumbani nikatoa karatasi zangu chini ya godoro. Nilipompa, vidole vyangu vilichelewa kuziachia, naye hakuvuta. Alisubiri.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano sikuvumilia, nikaenda kuitazama ofisi iliyoandikwa kwenye kadi aliyotuachia. Niliikuta nyuma ya duka la uchapaji, mlango wa mbao, kufuli. Hakuna kibao.

"Hao?" alisema mchapaji. "Walikuwa wawili. Mmoja amejifungua, mwingine haonekani. Kwani wamekuchukulia nini?"

Macho yangu yalikuwa yameshafika ukutani kwake. Alikuwa amebandika sampuli za kadi za mialiko, kalenda, vyeti vya semina vyenye maua ya dhahabu pembeni. Nilimuuliza, kama mzaha, iwapo anaweza kutengeneza muhuri wa kukandamiza, ule unaohisika kwa kidole.

"Nipe siku mbili," alisema.

Nilirudi kibandani. Baba aliposikia alifunga nusu ya mlango, akaitoa shahada kati ya mashuka mawili yaliyotiwa wanga alikoihifadhi isijikunje, na tukaiinua pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Tuliitazama mbele na nyuma. Mimi niliyesomeshwa na yeye ambaye hakusomeshwa, tulikuwa sawa mbele ya karatasi ile. Hakuna aliyejua.

"Irudishe," alisema.

Alhamisi mchana akaja mwanaume. Aliingia akitweta, mikono mitupu vilevile.

"Mzee, dada yangu ameacha cheti chake hapa. Kesho saa tatu asubuhi ana usaili. Wamemwita ghafla, wanataka cheti halisi. Atafika na basi la alfajiri, apitilize huko huko, kwa hiyo amenituma nikichukue."

"Kipande?"

"Anacho yeye, safarini."

"Basi hakitoki."

"Mzee wangu, ni kazi ya kudumu. Ameisubiri miaka miwili. Hiyo anayofanya sasa ni ya kujitolea tu, hata nauli anajitafutia."

"Na huyu wangu amesubiri mitatu," baba alisema.

"Wameanza kuja kwa zamu," alisema fundi viatu kutoka upande wake. "Kesho atakuja shangazi."

Yule kaka aligeuka kumtazama, kisha akanitazama mimi. Paji lake la uso lilifanana na la mgeni, au nilitaka lifanane. "Dada yangu ana tabia ya kuamini watu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nilimkataza." Akaondoka.

Nilipiga namba iliyokuwa kwenye kadi mara nne. Haikupatikana.

"Baba, na kama ni kweli?"

Alikuwa akinyoosha mkono wa shati aliokwisha kuunyoosha. "Kama ni kweli, nimemwahidi yeye, sikumwahidi kaka yake. Na kama si kweli, hiyo ndiyo karatasi pekee tuliyobaki nayo."

"Karatasi ya mchapaji."

Aliligeuza shati, akaanza mkono wa pili.

Ijumaa tulifungua mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyesema kwa nini. Kama usaili ulikuwepo, angepita alfajiri na kipande chake. Saa moja hakupita. Saa tatu ikagonga kwenye redio ya fundi viatu. Basi hapakuwa na usaili. Hapakuwa na kaka. Na miaka yangu miwili ilikuwa kwenye mkoba wa mtu nisiyemjua hata kwao. Sasa hata nikipata wa kunipokea mwaka wa tatu, sitakuwa na cha kumwonyesha. Nilichukua mashati nikayabana namba, na nikawabania watu wawili namba ileile, ikabidi nianze upya.

Saa tisa mteja wa mwisho alichukua nguo zake. Ijumaa baba huzima pasi saa kumi. Ni pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko, kwa sababu umeme hauaminiki na yeye haamini kisichoaminika. Saa kumi ilifika. Nilianza kufagia. Nikasikia kifuniko kikifunguliwa, nikageuka nikitegemea kumwona akimwaga majivu. Alikuwa anaongeza mkaa.

Mezani hapakuwa na nguo hata moja.

"Dobi, unapika nini?" aliuliza fundi viatu, akifunga kibanda chake.

"Nenda nyumbani," baba alimwambia.

Aliongeza mkaa mara ya pili karibu saa kumi na moja na nusu. Alikuwa bado anaupuliza pale mgeni alipoingia. Koti lake lilikuwa jekundu kwa vumbi na kisigino kimoja kilikuwa kimeng'oka kabisa, akawa anatembea kama mwenye miguu miwili isiyolingana. Aliweka faili kwenye kaunta mbele yangu.

Karatasi zangu zote zilikuwemo. Mihula minne. Mihtasari yote, na kwenye kila ukurasa muhuri wa bluu na sahihi. Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Wino wa ukurasa wa mwisho ulikuwa umeacha alama hafifu kwenye ule uliotangulia, kana kwamba uligongwa leo.

"Umegongwa leo," alisema, aliponiona naugusa. "Saa nne asubuhi. Jana mwenye muhuri aliondoka kabla ya kufika kwenye faili lako. La kwako tu ndilo lililobaki. Jumatatu saa mbili tukutane kwenye geti la chuo, usichelewe."

"Saa nne," alirudia baba. "Na usaili?"

"Ulikuwa saa tatu."

Alisema hivyo akichakura mkoba, bila kuinua uso. Baba alishika ukingo wa meza.

"Kaka yako alikuja. Sikumpa."

"Ameniambia. Ameniambia na mengine, nikazima simu." Alitabasamu kidogo, na tabasamu likamshinda katikati. "Hata ungempa, mzee, mimi nilikuwa huko. Niliwaza kupanda basi la jana usiku. Lakini nilisema nitarudi nazo."

Alitoa kipande cha namba kutoka ndani ya kifuniko cha simu. Baba alikiweka juu ya kaunta, akaleta nusu yake, akavisogeza mpaka meno yakaingiana. Akatoa shahada kati ya mashuka na kuiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Kagua mzigo wako."

Alikagua. Akaurudisha mkobani, akaaga, akageuka kuondoka kwa mwendo wake wa kisigino kimoja.

"Ngoja," baba alisema. "Vua hilo koti. Pasi bado ina moto."

Alisita, kisha akalivua. Baba alilikung'uta vumbi mlangoni, akalitandaza mezani, akanyunyiza maji. Kwa mazoea nilikwishachukua kitambaa cheupe na kalamu ya wino. Alinitazama, akatikisa kichwa, nami nikavirudisha kwenye kopo. Mgeni aliketi kwenye benchi, miguu akiwa ameinyoosha mbele, akisubiri nguo yake bila kipande.