Oili Haizai

Aidarus alikuwa amepanga chupa sita za oili juu ya meza ya gereji, za aina sita, na hakuna hata moja iliyomtuliza roho. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Kila chupa ilijisifu mgongoni kama mgombea ubunge: mimi nalinda, mimi nasafisha, mimi navumilia moto. Navumilia moto! Angepata inayomvumilia baba mkwe, angenunua pipa zima.

Gereji yake ilikuwa Frogtown, huko Minnesota, nyuma tu ya University Avenue, na siku nzima alitengeneza magari ya watu bila kupandisha sauti. Lililomtoa jasho ni gari lake mwenyewe, Subaru ya turbo aliyoijenga kwa mikono yake majira matatu ya baridi, akaitengeneza inywe ethanoli, yale mafuta ya mahindi ambayo Minnesota huyakosi. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya mwisho ya msimu, juu ya barafu ya ziwa. Injini ya kwanza ilikuwa imekufa mwaka juzi, beringi zimesagika unga. Hii ilikuwa ya pili. Sumayya, mkewe, alikuwa amesema neno moja tu: "Ikifa hii, hakuna ya tatu." Na Sumayya si mtu wa kurudia maneno.

Shida yenyewe si fumbo. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, huiva mpaka ikawa nyekundu, na oili ndiyo inayopita humo kuipoza, kwa hiyo anayekanyaga gari hasa huhitaji oili isiyochoka upesi. Ethanoli nayo ina visa vyake. Injini ikiwa baridi haiyachomi mafuta yote. Yanayobaki hupenya kando ya pistoni, yakateremka hadi kwenye oili pamoja na maji, na oili ikawa nyepesi kama chai ya hotelini. Dawa yake ni kuliendesha gari mpaka lipate moto sawasawa, uchafu wote utoke kwa mvuke. Ukitaka kuliua, liwashe kwenye baridi kali, uliache lingurume papo hapo bila kwenda popote.

Na hivyo ndivyo lilivyofanyiwa kila siku ya Mungu tangu Desemba, nyumbani kwake katika kitongoji cha Crystal, baada ya sala ya alfajiri. Aliyelifanyia hivyo ni Mzee Isa, baba yake Sumayya.

Mzee alikuja Novemba kutoka Mombasa kuwaona wajukuu. Miaka thelathini alikuwa ameendesha lori la dizeli baina ya Mombasa na Kampala, na kwake yeye gari lisilopashwa moto ni gari lisilo na mwenyewe. Basi kila alfajiri akishasali huvaa koti la Aidarus, huvaa soksi mbili mbili ndani ya ndara, huchukua ufunguo, hutoka kwenye baridi ya kuua ng'ombe, na huwasha ile Subaru. Nusu saa. Kisha hurudi ndani masikio yamekufa ganzi, akasema, "Tayari, mwanangu. Kiti kishapata moto."

Na Aidarus husema, "Ahsante sana, baba. Mungu akuweke."

Angesema nini? Baba mkwe ni baba mkwe. Tena huyu, ambaye siku ya posa alisikia kwamba mchumba ni fundi wa magari, akauliza, "Fundi wa magari? Basi?" akakaa miezi minane bila kutoa jibu. Tangu akubali, miaka tisa sasa, Aidarus hakuwa amefungua kinywa mbele yake ila kwa naam na ahsante. Leo aanze kumfundisha mambo ya injini? Amwambie wema wake ni hasara? Thubutu. Badala yake alibadilisha oili. Januari peke yake alibadilisha mara tatu, kila mara aina nyingine, na kila mara kijiti cha kupimia kilimwambia yale yale. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta oili ya kumfanyia kazi ya sentensi moja.

Alijaribu kuitupa sentensi hiyo kwa Sumayya.

"Mwambie wewe," alimsihi. "Wewe ni mwanawe."

"Nimwambie nini? Kwamba anateseka na baridi bure kwa ajili yako?" Sumayya hakuinua hata macho kwenye sinia la mchele aliokuwa akichagua. "Gari ni lako, mdomo ni wako."

Basi akaenda kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wapenda magari, na huko ndiko alikozidi kuvurugwa. Ken wa Eagan akasema atie nyepesi kabisa, kitabu cha gari ndivyo kinavyosema. Mwingine akasema nzito, ile ya magari ya mbio. Mugisho, Mkongomani aliyeingia kundini hakuna ajuaye vipi, akaandika, kwa Kifaransa chake cha oili, "Huile ni huile, ndugu, tia yoyote, omba Mungu." Zikafuata picha za gari la mtu mwingine kabisa, halafu tangazo la harambee. Aidarus akaizima simu, akaisukuma mbali kama sahani ya chakula kilichochacha.

Alhamisi mchana akaja Griffins, muuguzi, kijana wa Kisumu mwenye turbo yake mwenyewe na ulimi usio na breki. Aidarus alikuwa amempa barua ya maabara iliyopima oili ya Subaru.

"Bro, nimesoma hii report," Griffins alisema kabla ya salamu. "Fuel asilimia saba ndani ya oil? Na maji juu? Hiyo si oil, hiyo ni supu."

"Ndiyo maana nakuuliza oili gani itavumilia."

"Hakuna." Griffins akazitazama zile chupa sita, akaokota moja na kumsukumia. "Chukua hii 5W-40, full synthetic. Tano ni ya baridi, ita-flow haraka asubuhi. Arobaini ni ya moto, italinda turbo uki-push. Badilisha mapema, usingoje. Lakini hata hii itakufa kama hizo zingine. Kuna mtu ana-idle hii gari kwa baridi kila siku. Ni nani?"

Aidarus alitazama sakafu.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe? Fundi mzima?"

"Mimi."

Griffins alimtazama kama mgonjwa aliyekataa dawa. "Sawa, boss," alisema mwishowe, akaondoka akitikisa kichwa, na Aidarus alijua kwamba kabla ya jioni kundi zima litakuwa na habari kuwa fundi wa Frogtown anajiulia gari mwenyewe. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio. Miaka kumi na miwili ya kujijengea jina, leo ameitupa kwa neno moja, na yote kwa kuogopa mzee wa ndara na soksi!

Haikupita saa moja, Sumayya akasimamisha gari lake nje, akamteremsha baba yake, akasema anapitia dukani, atarudi kumchukua. Mzee Isa akaingia, akasalimu, akazunguka gereji mikono nyuma kama mkaguzi. Akafika penye Subaru, ambayo Aidarus alikuwa ameileta asubuhi hiyo kuitayarisha kwa mashindano. Boneti ilikuwa wazi. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza tena, akakichomoa, akakinusa.

"Aidarus."

"Naam, baba."

"Oili imepanda juu ya alama."

"Naam."

"Oili haizai, mwanangu. Ukiikuta imezidi, ujue kimeingia kitu. Tena yanuka mafuta." Akakinusa tena. "Wafanya nini na gari lako?"

"Ni baridi, baba."

"Baridi haiingii kwenye oili. Nimeendesha miaka thelathini, usinifanye mtoto. Nani akuharibia injini?"

Aidarus alizitazama chupa sita mezani. Hakuna iliyomsaidia. Alitaka kusema ni filta, alitaka kusema ni petroli mbovu, alikuwa na uongo wa kutosha wiki nzima. Lakini Ken, na Mugisho, na aibu ya Griffins, na nusu saa sitini na kitu za injini kunguruma huku yeye amelala macho kitandani akisaga meno, vyote vilimpanda kooni kwa pamoja.

"Ni wewe, baba!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni wewe! Hili si lori la dizeli. Mafuta yake ni ya mahindi, ukiliwasha kwenye baridi na kuliacha, yanashuka yote kwenye oili. Kila asubuhi! Kila asubuhi unaniulia injini, baba, na mimi sina nyingine!"

Mzee alikirudisha kijiti mahali pake, polepole, akafuta vidole kwa kitambaa chake.

"Wajua tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Na huu ni mwezi wa pili." Mzee alimkazia macho. "Umeniambia ahsante mara ngapi?"

Aidarus aliokota kitambaa cha gereji, akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi.

"Nilikuwa na utingo, kijana mdogo, siku yake ya kwanza tu. Tumefika Mtito Andei akaniambia mbele ya watu, dereva, gia hiyo siyo. Nikamtukana matusi ya nguoni. Kisha nikabadilisha gia. Akakaa nami miaka kumi na mmoja." Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa baridi. "Wewe miaka tisa wanikalia mbele, naam baba, naam baba, kama picha ya ukutani. Mimi nasema, Sumayya kaolewa na mtu gani huyu asiye na neno?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Ulikuwa waniogopa! Ukaniacha nitoke kwenye barafu na miguu hii, nije nikuharibie kazi ya mikono yako kwa mikono yangu, na ukanishukuru. Hiyo ndiyo heshima? Nimekukosea nini hata ukanifanya hivyo?"

Aidarus alikuwa amejitayarisha kwa kila namna ya hasira ya mzee, lakini si hii. Alisimama na kitambaa mkononi, macho yanamchoma. "Nisamehe, baba," alisema.

"Nitakusamehe baadaye. Mwaga hiyo oili."

Waliimwaga pamoja. Ilitoka rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, na mzee akapiga ulimi kwa uchungu. Waliikata filta, wakaikunjua karatasi yake chini ya taa, mzee akavaa miwani na kuikagua mkunjo kwa mkunjo akitafuta vipande vya chuma. Aidarus aliisogeza taa karibu zaidi.

"Safi," mzee alisema. "Beringi bado nzima. Tia oili. Ipi?"

"Hii, 5W-40."

Mzee aliitikisa ile chupa, akakunja uso. "Nyepesi mno. Kwetu twatia nzito."

"Naa..." Aidarus alianza, akajiuma ulimi. "Hapana, baba. Hapa nzito haifai. Kwenye baridi hii haifiki kwenye turbo upesi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya, mimina."

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya sala, Aidarus alirudi kitandani akatega masikio, kama alivyozoea. Mlango wa mbele ulifunguka. Ndara zikaburuta kwenye theluji. Akangoja ile sauti ya injini. Haikuja. Alhamdulillahi, alisema moyoni, akafumba macho.

Kisha akasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Akaruka dirishani. Mzee Isa alikuwa ameinama mbele ya Subaru, ndani ya koti la mkwewe, anaondoa barafu kwenye kioo cha mbele kwa bidii zote. Mkononi alikuwa na kile kijiko bapa cha chuma ambacho Sumayya hugeuzia chapati.

Ahsante baba ikamjia Aidarus mdomoni yenyewe, kwa mazoea ya miaka tisa. Akaimeza. Akalisukuma dirisha, baridi ikamzaba kofi.

"Baba! Si kwa hiyo! Utanikwaruza kioo!"

Mzee aliinua kichwa, kijiko juu.

"Oili nishaitazama, iko palepale kwenye alama!" alimjibu kwa sauti iliyoamsha mtaa. "Sasa shuka uniletee kinachofaa, umesimama hapo kama picha!"

Aidarus alishuka mbio, hata viatu hakuvaa.