Tone Lisilotaka Kuachishwa

Asubuhi ile mume wangu aliondoka bila kunywa chai. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia, "Mashine usiizime, mama. Leo linaachishwa." Kabla ya adhuhuri nikapigiwa simu kwamba ameanguka kwenye ngazi za kazini. Moyo. Niliporudi kutoka hospitali watu walikuwa wameshajaa sebuleni, na katika chumba kidogo kompyuta yake ilikuwa ingali inavuma, ikihesabu kazi aliyoipa.

Niseme ilikuwa kazi gani, maana hata msibani niliulizwa. Pale maabara walikuwa wakitengeneza kibao cha plastiki, kadiri ya ukucha wa dole gumba, chenye mifereji myembamba kama unywele. Mfereji mmoja unapitisha mafuta, mwingine unaleta maji kutoka ubavuni. Yakikutana, mafuta huyabana maji mpaka yanajigawa matone yaliyolingana kama shanga, na kila tone linakuwa chupa ndogo ya kupimia damu. Kuchonga kibao ni kazi kubwa, kwa hiyo mume wangu alijaribu kila kitu kwanza ndani ya kompyuta, kwa hesabu. Wenzake walimwita Bwana Matone.

Wao walisema tone "limekatika". Yeye neno hilo hakulipenda. Alisema tone linaachishwa, kama mtoto anavyoachishwa ziwa: linanyonya maji, linanenepa, shingo inakuwa nyembamba, halafu linakwenda zake. Rafiki yake wa maabara, ambaye mimi naye tunaitana shemeji, alikuwa akimcheka. "Wewe ulizaliwa mkunga, bwana. Fizikia ilikosea nyumba."

Shida ni kwamba tone lake lilikuwa halitaki kuachishwa. Kila aliponiita niache cherehani nije nione, maji yalinyooka yakaambaa na ukuta mpaka mwisho wa mfereji, yakiwa uzi mmoja.

"Huyo ataoa na bado akae kwa mama yake," nilimwambia siku moja. Akacheka, lakini nilijua limemuuma.

Matanga yalipoisha, watu wakatawanyika, nikabaki na mama mkwe na ule mvumo. Nilifuta vumbi humo chumbani taratibu na kufunga mlango bila kelele, kama kuna mtu amelala. Mama mkwe alikuwa akipita anasimama kidogo, anasema, "Bado yuko kazini." Sikumsahihisha. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama tone aliloniahidi siku ile liliachishwa. Kufungua zile picha za mwendo alizokuwa akinionyesha sikujua, na hata ningejua, nadhani ningeogopa.

Ndipo shemeji akaja, na begi kubwa begani.

"Shemeji, nimetumwa. Maabara wanaihitaji mashine. Kuna watu kazi zao zimekwama."

"Haijamaliza."

"Najua. Ndiyo maana nimekuwa nikijivuta."

Mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, "Wewe mtu wa kukatika, usiiguse mpaka mwanangu amalize."

"Siigusi, mama. Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia, na begi lote hilo?"

Shemeji akalisukuma begi nyuma ya mlango kwa mguu, akaingia chumbani. Nilimfuata. Akafungua picha: maji ya bluu, mafuta ya njano. Maji yakachungulia kutoka ubavuni, yakavimba, nikashika kiti. Kisha yakaegemea ukuta na kuanza kutambaa, kama siku zote.

"Imebaki kidogo kwisha," akasema polepole, "lakini kilichobaki ni hikihiki."

Niligeukia dirishani. "Basi hakuliweza."

"Ngoja kwanza, shemeji. Ngoja nisome alichoiambia mashine."

Alisoma mstari kwa mstari. Ghafla akajipiga paja. "Pembe! Bwana Matone, pembe!"

Akanieleza kwa kutumia glasi ya maji iliyokuwa mezani. Pale maji yanapogusa ukuta hufanya pembe, na kompyuta huulizwa pembe hiyo ikitazamwa kutoka upande wa maji. "Yeye kaandika ya upande wa mafuta. Kwa hiyo ukuta umeyapenda maji. Umeyakumbatia, hauyaachii."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mama mkwe akaja akishikilia ukuta, akidhani nalia. Katika ndoa yetu yote mume wangu hakuwahi kuwa na kushoto kwake mwenyewe. Ukimwambia sogeza kabati kushoto, anakuuliza, "Kwangu au kwako?" na kabla hujajibu kashalipeleka kwako. Ndiyo heshima, alikuwa akisema. Kila kitu alikitazama akiwa amesimama upande wa pili.

"Tangu mdogo," mama mkwe akasema nilipomweleza. "Ukitaka kumvisha kiatu cha kulia, anakupa mguu ulio upande wa mkono wako wa kulia."

Shemeji alikuwa ameweka vidole juu ya kibodi, hajabonyeza. "Ni namba moja tu ya kubadili. Ila hii itabidi isimamishwe, ianzishwe upya, na itahesabia kulekule maabara."

Hii ndiyo hesabu mume wangu aliyoianzisha kwa mkono wake.

"Alikuwa anakubali kusahihishwa na wewe?" mama mkwe akauliza.

"Kila siku, mama. Na kubisha kila siku."

"Basi sahihisha. Akibisha, tutamsikia."

Nikasema, "Nionyeshe pa kubonyeza." Akanionyesha. Nikabonyeza, na feni ikapunguza mwendo taratibu, ikanyamaza. Shemeji akaitoa mashine waya mmoja mmoja, na mama mkwe akampa shuka aifunge isikwaruzike.

Picha ilikuja kwenye simu yangu wiki iliyofuata. Tuliitazama mimi na mama mkwe tukiwa tumebanana kochini. Maji yakavimba, shingo ikapungua, ikapungua, na tone likaondoka, la mviringo. Nyuma yake likaja jingine, na jingine.

"Yanakwenda wapi yote haya?" akaniuliza.

"Kupimia damu, mama."

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Tulirudisha mpaka simu ikaishiwa chaji.

Kibao chenyewe kinachongwa sasa. Chumba kidogo amehamia mama mkwe, maana kina dirisha lenye upepo, na mimi nimeingiza cherehani humohumo, nashonea huko mchana yeye akijinyoosha kitandani.