Sauti ya Kicheche

Tulinagwe alikuwa na sauti saba: ya kuku mama, ya vifaranga wake wanne, ya bata mzee, na ya kicheche mwizi wa mayai. Zote alizirekodi chumbani kwake Tunduma, amejifunika mablanketi mawili ili honi za malori ya mpakani zisiingie.

Katuni yenyewe ilitengenezwa Zambia, kwa Kibemba. Sufiani, mwenye duka la CD karibu na stendi, ndiye aliyepewa ruhusa ya kuitoa kwa Kiswahili. Kibemba hakujua, wala hakuwa na subira ya kukaa akatazama katuni. Tulinagwe ndiye aliyetafsiri, akatafuta maneno ya kuwachekesha watoto, akaimba hata nyimbo za vifaranga. Ilipotoka CD ya nane, hadi kule Hasamba watoto walikuwa wakitoka shule wanakimbilia kwenye nyumba yenye sola na deki.

Ndipo redio moja ikamwalika Sufiani. Tulinagwe alikuwa anachambua maharage aliposikia mtangazaji akiuliza sauti zile ni za nani.

"Za shemeji yangu, Shamimu," Sufiani akajibu. "Ana kipaji tangu utotoni."

Shamimu naye alikuwepo. Akacheka, akasema asante. Wiki iliyofuata makasha ya CD yakatoka na picha yake, ameshika maikrofoni, na jina la Tulinagwe halimo tena.

Tulinagwe akaenda dukani.

"Kaka Sufiani, mbona umelifuta jina langu?"

Sufiani akakohoa mara mbili, kama kawaida yake akibanwa. "Tusifike huko, dada'ngu. Tusifike huko. Shamimu anapendeza kwenye picha. Sauti yako si ipo? Nani kaiondoa?"

Wateja wawili wakacheka. Tulinagwe akaondoka. Njia nzima alirudia maneno yale kwa sauti ya Sufiani, kikohozi na yote, mpaka akayapata barabara.

CD ya tisa ilipofika, Shamimu alijaribu kurekodi, akashindwa hata kulia kama kifaranga. Sufiani akamrudia Tulinagwe na maneno laini. Tulinagwe akakubali kabla hajamaliza kuomba.

Safari hii kicheche, kila alipokutwa na yai mdomoni, alikohoa mara mbili. "Tusifike huko, dada'ngu. Tusifike huko." Sufiani hakusikiliza. Akanakili CD mia tano, akazipeleka Vwawa, Itumba na Mkwajuni.

Siku ya nne, alipokuwa akibishana na bodaboda nje ya duka, alikohoa mara mbili, na mtoto wa muuza chipsi akapiga kelele: "Mama, kicheche huyu hapa!"

Stendi nzima ikageuka. Kufikia mwisho wa wiki, kila mtoto aliyepita dukani alikohoa mara mbili. Kisha wapiga debe nao wakaanza.

Sufiani akaja kwa Tulinagwe amemshika mkono bintiye Ikram, wa miaka saba.

"Dada, umenimaliza. Hata huyu darasani wanamwita mtoto wa kicheche."

Ikram alitazama chini. Tulinagwe akaona haya, akamletea mtoto ndizi. Lakini alipoinua macho kumtazama Sufiani, alisikia raha ambayo hakuwa nayo tangu siku ile ya redio.

"Jina lako nitalirudisha," Sufiani akasema. "Ila kwenye CD ya kumi, muue yule kicheche."

"Nenda redioni kwanza."

Akaenda. Alimtaja Tulinagwe kwa jina lake na la baba yake, akakiri kwamba Shamimu hakurekodi hata neno. Katikati ya maelezo alikohoa, na mtangazaji akashindwa kujizuia, akacheka hewani. Makasha yakachapwa upya.

Siku mbili baadaye Sufiani alipita kukumbushia kifo cha kicheche. Tulinagwe alikuwa anaanika nguo.

"CD ya kumi wameshanitumia kutoka Zambia," akamwambia. "Kicheche hafi, kaka. Anaoa."

"Na sauti yake?"

"Ileile. Watoto wameshaizoea."