Ujana wa Mwalimu Twalib

Filamu ya kwanza kuhusu Mwalimu Twalib, mzee aliyefundisha kung fu mjini Tukuyu kwa miaka mingi, ilipendwa kuliko alivyotarajia Erasto, mwongozaji wake. Ndipo Erasto akataka nyingine, ya ujana wa mwalimu. Wa kuuigiza ujana huo alikuwa mmoja tu: Haruni, mwanafunzi ambaye hata mwendo aliuchukua kwa mwalimu wake.

Siku ya kurekodi Haruni akiruka kutoka kwenye paa la ghala bovu kule Masukulu, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

"Tungoje bati likauke," Twalib alisema.

"Mwalimu, hapa kwetu ukingoja bati likauke utazeeka mara ya pili," Erasto akacheka. "Haruni, unaweza?"

Haruni alimtazama mwalimu, kisha kamera. "Naweza."

Aliteleza kabla hajaruka. Godoro la kumpokea lilikuwa mbele. Yeye akadondokea matofali. Uti wa mgongo ulivunjika. Alilazwa Mbeya muda mrefu, akarudishwa nyumbani hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa ukumbini mjini. Nusrat, mdogo wake Haruni, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani. Alikwenda kuitazama kwa sababu kaka yake alimwomba. Hakujua kwamba Erasto hakuikata ile ajali. Haruni alipoanguka, ukumbi mzima ulipiga miluzi. Wakataka irudishwe nyuma, ikarudishwa.

Twalib, aliyekalishwa kiti cha mbele, alisimama. Picha ikamwangukia kwenye kanzu.

"Huyu mnayemshangilia hatembei tena," alisema. "Pale hakuigiza."

"Mzee, kaa chini, unatuziba!"

Watu wakacheka. Hakukaa. Vijana wawili wakamshika mikono kumtoa nje, naye akawafuata bila kujitetea.

Nusrat alimkuta nje, wakaongozana mpaka nyumbani. Mlangoni mzee akasita.

"Msalimie," alisema, akaondoka.

Haruni alikuwa macho. "Vipi, wameipenda?"

"Walipiga miluzi, kaka."

"Sehemu gani?"

Nusrat alivua mtandio, akaukunja polepole.

"Pale ulipopigana na wale watatu."

Haruni akatabasamu, hakuwa ametabasamu tangu Mbeya. "Nilijua tu," alisema. "Ile sehemu nilifanya vizuri."

Nusrat akamgeuza aelekee ukutani, asimwone uso.