Kichwa cha Hosea Mughwai

Winfrida alitua sinia la ugali wa uwele na bakuli la mlenda mbele ya mumewe, akanawa, akamega tonge la kwanza na kulimeza yeye mwenyewe. Wifi yake, Martha, alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili, analitazama koo lake mpaka tonge likapita. Ndipo Hosea akaruhusiwa kula. Pale kijijini Issuna mtu akileta pombe ya kienyeji hunywa funda la kwanza yeye, kutoa sumu, na hakuna anayekasirika. Lakini hiyo ni pombe. Kumfanya mke atoe sumu kwenye ugali wa mumewe kila siku ni jambo jingine, na Martha alilijua hilo vizuri.

Hosea Mughwai alikuwa amecheza mpira wa Kimarekani, ule wa kulipwa, ambao mpira wenyewe una umbo la papai na hubebwa mikononi. Kanisa lilimpeleka kusoma Marekani, mtu mmoja huko akayaona mabega yake, basi. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kumgonga kwa kichwa mtu aliyemkabili. Alivaa kofia ngumu, na yule mwenzake pia alivaa. Aliifanya kazi hiyo mpaka goti likagoma. Mdogo wake, Melkiori, hakuwahi kuamini. Miaka yote alihisi kaka yake ni mlinzi wa ghala mahali fulani na anaona haya kusema. Picha zilipoletwa, alizigeuza kuangalia kama kuna kitu nyuma.

Hosea alirudi, akajenga, akalima alizeti, akamwoa Winfrida, binti wa Iguguno. Mnyiramba ndani ya ukoo wa Wanyaturu. Hilo nalo lilikumbukwa baadaye. Haukupita muda akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akamwamkia dada yake shikamoo, Martha akaitikia, akamwamkia tena, na tena. Siku moja alikutwa katikati ya njia ya mashineni, gunia begani, anangoja aambiwe aelekee wapi. Mwanamume mwenye mwili ule kuwa mpole kiasi kile, kwa Martha, kulikuwa na maelezo mamoja tu, naye aliyatoa kisimani mbele ya wenzake: limbwata, dawa ya mke kumtawala mume.

Sauti ilianza siku ya kupura alizeti. Watu walikuwa wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, Hosea amekaa kivulini. Sikio lake la kushoto likatoa mlio: ko. Ulikuwa kama wa vibuyu viwili vikigongana, ila mzito. Wapuraji wakatazamana kujua fimbo ya nani imevunjika, wakaendelea. Ko nyingine. Kisha zikafuata shangwe za maelfu ya watu, zikitoka humo kichwani kama redio iliyoachwa chumba cha ndani. Kuku walikimbia siku ya kwanza tu. Jioni Martha aliuliza ni nani aliyemwosha Hosea kichwa asubuhi. Aliyemwosha ni Winfrida.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Winfrida alikwishafunga nguo zake kwenye kitenge, maana vikao vya aina hiyo alijua vinaishia wapi. Angerudishwa Iguguno, na Hosea angebaki na watu wasiojua kwamba kila akiamka lazima kwanza aambiwe jina lake. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na lilimuuma.

"Wifi, sema mwenyewe ulimpa nini," alisema Martha.

"Nilimpa chakula, wifi. Unakiona kila siku."

"Nimeanza kukiona lini? Mambo yalipokwisha kuharibika."

Mzee Christopher, baba yao mkubwa, alitaka kusema neno, kichwa cha Hosea kikaanza. Ko. Shangwe. Halafu sauti ya mwanamume, karibu kabisa, kwa Kiingereza. Pendo, binti wa Melkiori, ambaye ni mwalimu, akaambiwa atafsiri.

"Huyo wanamwita daktari, babu. Anamuuliza baba mkubwa Hosea kama anajua yuko wapi."

Kisha ikasikika sauti ya Hosea mwenyewe, ya ujana, imechoka. Haikuhitaji mtafsiri. Ilisema: Issuna.

"Na daktari anasemaje?" aliuliza mzee.

"Anasema jibu hilo linatosha. Mrudisheni uwanjani."

Ko.

Nyuma ya shangwe mtangazaji aliutaja mwaka. Mwaka huo Winfrida alikuwa darasa la tano. Watu wote wakamgeukia, kisha wakaangalia chini. Melkiori alijifuta macho, akasema kumbe kweli ulikuwa mpira.

Martha alimpenda mdogo wake Hosea, hilo lisemwe, na mtu anayependa namna ile hutaka mkosaji anayeweza kumfikia kwa miguu. Yule daktari alikuwa mbali, wala hana jina.

"Sawa," alisema. "Na hizo sauti, nani kaziingiza humo?"

Ikaamuliwa Winfrida abaki, chini ya uangalizi, naye akaenda kukifungua kitenge chake.

Siku hizi Jumamosi vijana huja na vigoda vyao kusikiliza, wakabishana timu ipi inaongoza. Ibada ya Jumapili Winfrida humfunga mumewe kitambaa masikioni ili mahubiri yasikike. Watu wameshazoea.

Jana jioni alitua sinia, akanawa, akamega, akameza. Martha alilitazama tonge likipita. Hosea akaanza kula, na kichwa chake kikauliza kwa Kiingereza kama anajua yuko wapi. Maneno hayo sasa kila mtu pale nyumbani anayaelewa. Safari hii ile sauti ya ujana haikujibu, na Hosea mwenyewe alikuwa anatafuna tu, anatazama ukuta.

"Issuna," Winfrida alimjibia.

"Onja na mboga," alisema Martha.

Winfrida akaonja mboga.